Milimita Mbili Chini ya Daraja

Daraja la dada yangu liliingia chumbani kwangu Jumatatu asubuhi ndani ya bakuli la chuma, na nililinusa kabla sijaliona.

Sisemi daraja la mto. Nasema daraja la meno: safu nzima ya juu, meno kumi na mawili yaliyoshikana kwenye ufizi wa bandia wa rangi ya waridi, na safu hiyo inafungwa kwa skrubu ndogo kwenye vipandikizi vinne vilivyozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Daktari ndiye anayezamisha vipandikizi. Mimi ndiye ninayetengeneza safu. Yeye ana koti jeupe na kiti kinachopanda na kushuka kwa kubonyezwa. Mimi nina aproni iliyokaukia plasta, stuli yenye mguu mmoja mfupi, na chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya mifagio. Wagonjwa wengi hawajui kama nipo. Wanatafuna na kucheka kwa kazi ya mikono yangu, na mimi sina neno. Nimeshafukuzwa kazi mara mbili, na mara zote ni kwa sababu nilijulikana kupita kiasi.

Nesi aliliweka bakuli mezani, akaziba pua kwa mgongo wa mkono.

"La ndugu yako hilo."

"Lingekuwa la adui yangu lingenukia?"

Kwa kawaida Nesi hunicheka hata kabla sijamaliza sentensi. Siku hiyo alirekebisha tu kofia yake. "Daktari anakuita. Na leo, Fundi, nenda na adabu."

Dada alikuwa amekaa kwenye kile kiti, mdomo wa juu umebonyea ndani kama pazia lililokatika kamba. Yeye ni mwalimu, ana miaka hamsini na minne, lakini bila meno alifanana na mama yetu siku zake za mwisho kitandani, nikaona afadhali niangalie ukuta. Ukutani napo palikuwa na kioo chenye picha ya eksirei ya taya lake.

"Sogea," Daktari alisema bila kugeuka. "Hesabu."

Nilijua cha kuhesabu. Kipandikizi ni skrubu, na skrubu ina mizunguko. Mfupa ukiwa mzima unaimeza mizunguko yote, huoni kitu ila weupe umeikumbatia. Mfupa ukianza kuliwa, mizunguko inatoka nje mmoja mmoja, kama ngazi za kisima kinachokauka. Picha ya miaka miwili nyuma ilikuwa pembeni: hakuna mzunguko hata mmoja nje. Picha ya siku hiyo: kushoto sita, kingine cha kushoto vilevile sita. Kulia mitatu na miwili. Nilihesabu mara ya pili nikianzia upande mwingine, kana kwamba hesabu ina upande wa huruma.

Daktari alichukua kijiti chake chembamba chenye alama za milimita, akakiteremsha taratibu kati ya ufizi na kipandikizi cha kushoto. Kilizama mpaka alama ya nane. Mahali pazima kingegota kwenye tatu. Alipokitoa, usaha ulifuata.

"Inauma?"

Dada alitikisa kichwa kukataa.

"Ndiyo ubaya wake. Jino lako la kuzaliwa likioza litakuamsha usiku. Hili halipigi kelele. Linakula tu." Akaweka kijiti kwenye sinia, akavua glavu, na hapo nikajua kinakuja nini, kwa sababu Daktari huwa hagombezi mtu akiwa amevaa glavu. "Mwalimu, nilikufundisha kusafisha hapahapa. Kibrashi kinapita chini ya daraja asubuhi na jioni. Niliacha nafasi ya milimita mbili kwa ajili hiyo tu. Sasa ufizi umevimba mpaka umeanza kuijaza nafasi hiyo, kibrashi hakina pa kuingilia. Ufizi haumfanyii hivyo mtu anayesafisha."

Dada alinitazama mara moja, jicho la haraka, kisha akatazama viatu vyake.

"Nitajitahidi, Daktari," alisema. Bila meno ilitoka kama mtu anayeongea na mto usoni.

"Hilo ningelisikia miaka miwili iliyopita." Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Alhamisi navitoa vyote vinne. Nikivisafisha leo, mwakani nitavikuta hivihivi, na mfupa utakuwa umeisha mpaka karibu na pua. Afadhali nitoe sasa, ubaki na taya la kukalia meno ya kuvaa."

"Na kama angekuwa anasafisha?" niliuliza.

"Angekuwa anasafisha ningepasua ufizi, nikwangue uchafu, nilainishe mizunguko iliyobaki nje, nipiganie kimoja kimoja. Kwa anayesafisha napigana, Fundi. Kwa asiyesafisha nahifadhi kilichobaki. Haya, kaling'arishe hilo daraja, alivae siku hizi tatu asiende shuleni mdomo mtupu."

Nilirudi kwenye stuli yangu na bakuli langu. Zile milimita mbili hazikujazwa na ufizi. Nilizijaza mimi.

Ngoja niseme ilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Dada anafundisha darasa la kwanza kusoma. Daraja lilipokuwa jipya, ile nafasi chini yake ilipitisha hewa, na hewa ikipita mahali pembamba inapiga mluzi. Kila penye herufi S, mluzi. Mtu mzima angevumilia, lakini darasa la kwanza ni watu wakweli kuliko mahakimu. Hawakumcheka. Ingekuwa kicheko, dada angekimaliza kwa jicho moja. Walichofanya ni kujifunza. Watoto arobaini waliamini kwamba hiyo S ndivyo inavyosomwa, na Mwalimu akisema "sisimizi" wao wanajibu wote kwa pamoja na mluzi juu yake, darasa likawa kama kituo cha polisi wa barabarani. Wazazi wakaja kulalamika. Mama mmoja alisema mwanawe akiomba sukari nyumbani mbwa anaamka. Mwalimu mkuu akamwita dada ofisini, akamuuliza kwa upole kama asingependa kupumzika na masomo ya kusoma, apewe michezo.

Dada alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma, siku ambayo daraja lake lilikuwa limefunguliwa ili lisafishwe na Daktari yuko na mgonjwa mwingine. Hakukaa.

"Chiriku," aliniita, ndilo jina langu kwake tangu nilipoanza kuongea na nikashindwa kuacha. "Ziba."

"Daktari ameiacha makusudi, dada. Ni ya kusafishia."

"Daktari ndiye atakayenisomea watoto?"

Dada huyu alikuwa na miaka kumi na tisa mama alipofariki, mimi saba. Alininawisha, alinichapa, alinisomesha, na nilipofukuzwa mara ya kwanza alikuja kunichukua na sanduku langu bila kuuliza nimesema nini. Hakuwahi kuniomba kitu. Kwa hiyo nilichanganya akriliki ya waridi, ile plastiki ya ufizi wa bandia, nikaijaza chini ya daraja, nikaikunja ikae juu ya ufizi kama paka juu ya ukuta, nikaing'arisha. Kazi ya nusu saa. Nesi akalifunga, Daktari akachungulia kwa mbele, kwa mbele hapakuwa na tofauti, akasema sawa.

"Sasa," dada alisema mlangoni, akajaribu tena. "Sasa. Sisi. Saa sita." Hakuna mluzi. Machozi yalimtoka.

"Utapitisha uzi badala ya kibrashi," nilimwambia. Sikuangalia kama uzi ungepita. Nilikuwa najipongeza.

Jumatatu hiyo, daraja likiwa bado kwenye bakuli, nilimkuta kwenye benchi la korido, ameziba mdomo kwa leso.

"Dada, mimi nakwenda kumwambia."

"Kaa."

Nilikaa. Alifungua mkoba, akatoa mfuko mdogo wa plastiki, akauweka pajani mwangu. Vilikuwa vibrashi vya kusafishia, kumi na kitu, nywele zake zote zimelala na kusagika, waya za baadhi zimepinda. Miaka miwili alikuwa anavisukuma kwenye mlango ambao mimi nimeupiga misumari.

"Nilikuwa nasukuma mpaka damu inatoka," alisema. "Halafu nikasema labda damu ndiyo usafi."

"Kwa nini hukumwambia Daktari kibrashi hakipiti?"

"Angeuliza kwa nini hakipiti." Akakunja leso. "Wewe una miaka arobaini na miwili. Umefukuzwa mara ya kwanza kwa mdomo. Mara ya pili kwa mdomo. Hii ya tatu itakuwa kwa mkono, mdogo wangu, na fundi akifukuzwa kwa mkono hapokewi pengine. Nyamaza."

"Ni meno yako, dada."

"Nilizaliwa bila meno na nikapendwa."

"Na darasa?"

Mdomo wake mtupu ulitetemeka, akaushika kwa vidole viwili kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. "Watanizoea," alisema mwishowe. "Au watanipa michezo. Nyamaza, nimekuambia."

Mtu mwenye akili angechukua lile daraja mkononi, akaingia nalo kwa Daktari, akasema tazama chini. Mimi nilifanya kitu ambacho fundi wa meno tu anaweza kukifanya, kwa sababu mtu mwingine hana mashine. Nilirudi chumbani, nikawasha mota, nikaisaga ile akriliki yote niliyozibia. Vumbi la waridi lilijaa mezani, kwenye nyusi, mpaka kwenye chai. Nilijiambia namsaidia: angalau siku hizi tatu kibrashi kitapita. Nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ilikuwa mkono wa mwizi unaofuta nyayo, ukiwa na haraka kuliko kichwa. Nilifagia vumbi, nikalimwaga kwenye pipa, pipa likabebwa saa sita. Saa nane Nesi alimfunga dada daraja lake, zuri, linang'aa, na nafasi yake ya milimita mbili kama siku lilipozaliwa. Ufizi uliovimba ulikuwa umeshaijaza nusu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kitu.

Jumanne sikufaa kwa lolote. Nilichonga gego zima la upande wa kulia kwa mgonjwa wa upande wa kushoto. Nesi alipokuja kulichukua alinikuta nimelishika tu.

"Fundi, unaumwa?"

"Naumwa ukimya."

"Huo kwako ni ugonjwa wa hatari," alisema, akaniachia kikombe cha maji.

Jumatano asubuhi nilijikaza kisabuni, nikaingia kwa Daktari kabla ya mgonjwa wa kwanza. Nikamwambia yote: mluzi, watoto, mlango wa nyuma, akriliki, vibrashi vilivyosagika. Alinisikiliza huku anaandika. Nilipomaliza akaweka kalamu chini, akanitazama kwa namna ambayo ningeipenda siku nyingine yoyote.

"Fundi, unampenda sana dada yako."

"Nampenda, lakini siyo hiyo habari."

"Kila mwenye ndugu kwenye kiti kile huniletea hadithi siku moja kabla. Mume anasema ni dawa za presha. Mtoto anasema ni maji ya bomba. Sijawahi kupata ndugu anayejitwisha lawama yeye mwenyewe. Hiyo ni ya kwanza, na nakuheshimu kwa hiyo. Ila juzi, Nesi alipolifunga daraja lake, nilipita na kijiti chini. Nafasi ipo. Nimeiona kwa macho yangu."

"Nimesaga Jumatatu."

"Kwa nini usage ushahidi wako mwenyewe?"

Ungemwambiaje mtu mzima kwamba uliogopa kama mtoto aliyevunja glasi?

"Niletee akriliki uliyoitoa."

"Iko jalalani."

"Modeli ya plasta?"

"Tulizivunja mwaka jana tukipanga rafu."

Akapumua. "Wewe ni mtu wa mzaha, Fundi. Mwezi uliopita ulimwambia mgonjwa kwamba meno yake yalikuwa ya marehemu mfalme. Nilicheka mimi pia. Lakini sipasui taya la mtu, nikamweka hatarini, nikamkwangua mfupa, kwa neno la mdogo wake. Kama hasafishi nitakuwa nimemtesa bure. Nenda kazini."

Nilifika mlangoni. Nakumbuka kitasa kilikuwa cha baridi na nilikishika muda mrefu. Kitu pekee kilichobaki kumwokoa dada kilikuwa kile ambacho hata yeye sikuwa nimemwambia. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakusema kitu juu ya mtu anayeficha maradhi ya wenzake.

"Sikumfanyia yeye peke yake," nilisema.

Kalamu aliyokuwa ameishika tena ilisimama.

"Rudia."

"Wapo wengine watatu. Mshereheshaji, yule wa suti zinazowaka. Wakili mstaafu. Na mama mshonaji. Mshereheshaji alisema anapiga mluzi kwenye maikrofoni. Wakili alisema anatema mate akiongea. Mama mshonaji alisema makombo yanajificha chini. Walikuwa wakimuuliza Nesi nani anatengeneza, Nesi anawaonyesha mlango wangu, na mimi..." Nilitafuta neno la kuniokoa, sikulipata. "Mtu akinisifu mimi ni maji, Daktari. Nikawazibia."

Kisha akamwita Nesi. "Mpigie mshereheshaji. Mwambie aje sasa hivi."

Alikuja baada ya saa moja, suti ya rangi ya zambarau, viatu vya ncha, anasalimia mpaka feni. Aliponiona nimesimama pembeni ya kiti alinipiga bega.

"Fundi wangu. Umetolewa stoo leo? Kuna sherehe?"

"Kaa, kaka," nilimwambia.

"Kaka tena. Siku zote unaniita Bwana Kelele."

Nesi akamfungua skrubu nne. Daktari aliligeuza daraja chini ya taa. Na hapo lilikuwepo, wazi kama kiraka kwenye suruali: waridi langu juu ya waridi la mwanzo, jipya kidogo, jeupe kidogo, limejaza nafasi yote kutoka kona hadi kona. Juu yake utando wa njano. Daktari hakusema chochote. Aliliweka kwenye bakuli, akachukua kijiti. Tano. Saba. Tisa. Kwenye kipandikizi cha nne hakupima. Alikigusa kwa kidole tu, nacho kikacheza.

"Daktari, mbona mmenyamaza?" mshereheshaji aliuliza kutoka chini, mdomo wazi, maneno yamevimba. "Mimi kazi yangu ni kuvunja kimya."

Nesi alikuwa ameangalia dirishani.

"Unasikia maumivu yoyote?"

"Hata kidogo. Sijawahi kuwa mzima hivi."

"Hiki cha nyuma kimekufa. Vingine vina ugonjwa. Ile nafasi niliyokuachia ya kusafishia ilizibwa."

Mshereheshaji alikaa sawa, akafuta mate kidevuni kwa kitambaa cha karatasi. Alinitazama mimi, si Daktari. Alikuwa mtu wa aina yangu. Nilimwona akitafuta utani wa kujifunika kwa haraka.

"Basi leo mmenialika kwenye hitimisho langu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, na baada ya hapo hakusema tena mpaka anaondoka.

Daktari alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Dada yako nitampigania kesho," alisema, mgongo kwangu. "Utakuwepo. Utashika taa."

Alhamisi nilishika taa. Sijui kama ilikuwa adhabu au heshima, na sikuuliza. Dada alikuwa macho, taya limekufa ganzi, macho yamefunikwa kitambaa, kwa hiyo hakuniona. Daktari alipasua ufizi kutoka upande hadi upande, akaufunua, na nikaona kile ambacho miaka ishirini nimekijua kwenye picha tu. Mfupa mzima ni laini na umenyooka. Wa dada, kuzunguka kila kipandikizi, ulikuwa umechimbika kama shimo ambalo maji yamelichimba kuzunguka nguzo ya gati. Ndani ya mashimo mlijaa nyama nyekundu, mbovu, inayotoa damu kwa kuguswa.

"Mwanga," Daktari alisema. "Usiangalie pembeni. Mwanga hapa."

Kushoto hapakuwa na vita. Aliweka kifaa juu ya kipandikizi, akazungusha mara mbili, kikatoka kama msumari kwenye mbao zilizooza. Cha pili hivyohivyo. Vililia kwenye sinia, tin, tin. Mkono wa dada juu ya tumbo ulijifunga.

Kulia alipigana. Alikwangua, akaosha, akasaga mizunguko iliyobaki nje mpaka ikawa laini kama shingo ya chupa, akaosha tena, akausogeza ufizi nyuma ili siku zijazo kila kitu kionekane na kifikike. Saa nzima na zaidi. Nesi alimfuta jasho mara tatu. Mkono wangu ulikufa ganzi nikaubadilisha na mwingine bila mwanga kuyumba, na hilo ndilo jambo pekee la wiki ile ninaloweza kulitaja bila aibu.

"Vitapona?" niliuliza alipokuwa anashona.

"Labda."

"Na mfupa utarudi?"

"Mfupa haurudi kwa sababu umeombwa radhi, Fundi." Akakata uzi. "Vikipona, viwili haviwezi kubeba daraja. Vitashika meno ya kuvua na kuvaa. Utayatengeneza wewe, ukiwa bado upo. Hilo tutalizungumza kesho. Leo wapigie wale wawili. Wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Na usiwaambie ni ukaguzi wa kawaida."

Dada aliwekwa chumba cha mapumziko, kitanda chembamba, shavu limefura, pamba mdomoni. Alikatazwa kuongea. Nilipoingia alikuwa na daftari la shule magotini na ile kalamu yake nyekundu.

*Nilikukataza*, aliandika. Mwandiko wa ubaoni, herufi zimekaa sawa hata katika hali hiyo.

"Ulinikataza."

*Viwili?*

"Viwili vimebaki. Labda. Shuleni itabidi uombe ruhusa, miezi mitatu bila meno ya juu mpaka pakauke. Nitakwenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, nitamweleza."

Alifunga macho, akayafungua. *Alikuamini vipi?*

Ningeweza kusema lolote. Sikuwa na nguvu ya kutunga. Nikamwambia juu ya mshereheshaji, kijiti, kile kilichocheza kwa kidole. Nikamwambia juu ya wakili na mama mshonaji, kwamba bado hawajui, kwamba simu niliyoshika ni ya kazi hiyo.

Kalamu ilikaa juu ya karatasi mpaka ikaacha tone jekundu. Kisha akaandika, polepole, chini kabisa ya ukurasa:

*Nilidhani ni mimi tu.*

Nimetukanwa na mabosi, nimetolewa ofisini na askari, nimelala kwenye benchi la stesheni na sanduku langu. Vyote nilivipatia mzaha baada ya muda. Maneno hayo hayakupata. Miaka miwili yule mwanamke alikuwa anatoka damu na kunyamaza kwa ajili ya kitu alichodhani ndugu yake alimfanyia yeye, mara moja, kwa mapenzi. Kumbe nilikuwa namfanyia yeyote aliyepita mlangoni akiniita fundi hodari.

"Dada," nilisema.

Alinyoosha mkono, si kwangu. Aligonga simu kwa ncha ya kalamu.

Wakili alipokea mlio wa pili. Ana sauti nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni fundi wa meno, wa kule kliniki."

"Marahaba. Fundi? Yule wa chumba cha nyuma?" Nilisikia kiti kikisogezwa, mtu anajiweka vizuri. "Kijana, wiki iliyopita tu nilikuwa nakutaja kwa mke wangu. Nilisoma hotuba kwenye mahafali, dakika ishirini, hata tone la mate. Tangu uliponirekebishia sijasikia maumivu hata siku moja. Nikushukuruje?"

Dada alikuwa ananitazama juu ya shavu lake lililovimba. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasubiri, kama anavyosubiri mtoto afike mwisho wa mstari.

"Usinishukuru, mzee," nilisema. "Njoo kesho saa mbili asubuhi. Ile kazi niliyokufanyia ilikuwa kosa, na inawezekana imekula mfupa wako. Nakupigia nikuambie mwenyewe."

Nilimsikia akipumua, kisha sauti ndogo, ya karibu, kama mtu anayebonyeza ulimi juu ya meno yake kuyapima kama yapo.